Maneno Arobaini

Mkurugenzi ametaka historia ya Nkoasaru,
maneno arobaini, yasizidi,
yachongwe kwenye jiwe pale mzunguko wa barabara
kabla mgeni rasmi hajaja kukata utepe.
Nimekuwa karani wa masijala miaka thelathini na mmoja.
Najua bei ya chaki ya mwaka sabini na nne.
Arobaini.

Nianze na mfereji, maana ulitutangulia.
Kabla ya jina kulikuwa na maji,
na maji hayajatulia vizuri, ugomvi ukaanza:
nani Jumatatu, nani Jumatano,
nani alitoboa ukingo usiku akamsingizia fuko.
Waliukata kwa miti iliyochongwa, toka ubavuni mwa Meru,
wakipima mteremko kwa jicho na kibuyu.
Hapo tayari maneno yangu yamekwisha
na Mjerumani hajafika.

Alipofika alihesabu. Vichwa, vibanda, mikungu.
Mwingereza akahesabu upya, akaandika Nkosaru,
herufi moja ikadondoka njiani,
na kwa miaka mingi barua zetu
zilikwenda mahali pasipokuwepo.
Kisha Mgiriki wa kahawa, na mnyororo wa kupimia.
Baba yangu, Anaeli, alishika ncha ya nyuma.
Alikuwa na miaka kumi na minne na kaptula ya kuazima.
Bikoni namba saba waliisimika
palipong'olewa masale ya babu yake mwenyewe,
na yeye ndiye aliyekoroga saruji.
Hilo hakuwahi kulisema mezani.
Nililikuta kwenye faili: alama ya dole gumba,
shilingi mbili na senti hamsini.

Baadaye tukawa kijiji, tukapata ghala na mizani.
Tukawa kata, tukapata bendera.
Tukawa mji mdogo, tukapata shimo la taka.
Kila cheo kilikuja na muhuri wake,
na mihuri iliyostaafu niliiweka droo ya chini,
imelala humo kama meno ya utotoni.

Na Arusha?
Arusha haikutuvamia, tusiisingizie.
Ilikuja kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi la zahanati:
samahani, sogea kidogo.
Tukasogea.
Kituo cha mafuta. Sogea.
Shule ya bweni, ukuta, vipande vya chupa juu ya ukuta. Sogea.
Nyumba za wageni zenye majina ya wanyama
ambao hapa hawajawahi kukanyaga.
Leo tumekalia tako moja
na bado tunaambiwa, asanteni, mna moyo.

Mfereji uliingizwa kwenye kalavati mwezi wa tatu.
Mhandisi, kijana mstaarabu, alitufunulia ramani:
mstari wa buluu umegeuka nukta nukta.
Lakini Jumatano, saa kumi na moja alfajiri,
Ndeshukurwa Mbise bado hutoka na jembe begani,
husimama juu ya zege kungoja zamu yake.
Nilimuuliza, mama, unafungulia nini?
Sifungulii, akasema.
Nasikiliza kama hawajaniibia.

Karatasi yangu imerudi na wino mwekundu:
Bi Kaaya, yamezidi matano.
Nikafuta *kwa amani na utulivu*, manne hayo.
Nikafuta *tukufu*.
Yaliyobaki nimeyahesabu mara mbili kwa kidole.
La tatu kutoka mwisho ni *Jumatano*.

Jana mchonga mawe alinipigia simu,
nyundo nyingine zikigonga nyuma yake:
hii Jumatano, mama, si kosa la mashine?
Nikamwambia chonga.
Chonga hivyohivyo.
Na kwenye jina, kabla hujagusa patasi,
hesabu herufi.
Ni nane.